Safari ya Jiwe la Baba

Ndani ya mashua Ismena,
Ghuba ya Harvey Vale,
Carriacou.
Jumapili, watu wakiwa kanisani

Kwako Dada Eutrice,

Kabla sijakusalimu, tafuta kiti ukae. Mdogo wako Lennard ndiye nahodha hodari kuliko wote waliowahi kushika usukani kati ya Grenada na kisiwa cha Union, walio hai na waliokufa. Hao waliokufa nawaomba radhi, lakini ukweli ni ukweli. Upepo ukitaka kugeuka huniuliza kwanza. Samaki wananijua kwa jina. Hilton wa Petite Martinique, yule anayejiita mfalme wa mkondo, nimemshinda kwa tanga mbele ya macho ya watu wazima wenye akili zao, na sasa watoto wa hapa wanatembea kama mimi, bega moja juu, kana kwamba wote wameshikilia usukani.

Haya, salamu sasa. Hujambo dada yangu? Shemeji Wendell hajambo? Yule mdogo ameacha kula chaki? Nasikia huko Uingereza jua linatoka kwa miadi, kama daktari. Huku sisi wazima. Mama mzima ila goti, Mjomba Cosnel mzima ila mdomo, na mimi mzima kabisa ila silali. Mwalimu Noel aliyesema sitaandika barua ndefu kuliko kidole changu, ukimwona ukija mwonyeshe hii.

Najua unachotaka kusoma. Unataka habari za jiwe. Tulia, tutafika, maana mimi ndiye niliyelala nalo na habari zake ni ndefu. Najua sherehe iko karibu, najua umeshakata tiketi yako na za watoto, na najua Baba hatapumzika mpaka jiwe lake la kaburi lisimame kichwani pake. Mama ananikumbusha hayo kila siku kana kwamba mimi nimehamia hapa juzi. Tangu alipomwota Baba kasimama mlangoni, miguu ina vumbi, anauliza atakaa wapi, nyumba yetu haijalala vizuri.

Basi tulipofika St. George's kule Grenada kulichukua, fundi Augustine akatuambia tuje kesho. Kesho yake akatuambia herufi hazijakauka. Tulipokwenda tena akasema mvua imemharibia rangi ya dhahabu, na kwamba marehemu hana haraka. Mjomba akamjibu kuwa marehemu hana haraka lakini mjane wake anayo, na fundi akiendelea hivi atamchongea na la kwake papo hapo. Fundi akacheka. Jiwe likabaki palepale. Ndiyo tukawa wakazi wa gatini, mimi na Mjomba na Ismena, tukifua, tukipika na kugombana ndani ya chombo kisichozidi jiko la Mama kwa upana.

Wewe ulikuwa ukitapika ndani ya Ismena hata ikiwa imefungwa gatini, kwa hiyo nitakueleza maisha hayo polepole usije ukaanza tena. Asubuhi kabla ya chai ni ndoo. Maji ya ngama yale yanayoingia usiku kwa kupenya mbao lazima yatolewe, na Ismena umri umekwenda, inavuja kama siri. Mimi nachota, Mjomba anahesabu ndoo kwa sauti kisha anakosea makusudi ili nirudie. Halafu tunamwagia sitaha maji ya bahari mbao zisikauke zikaachana. Halafu jiko la mkaa linawashwa kwenye lile sanduku la mchanga. Kama upepo unatoka nyuma, shetri, moshi wote unaingia machoni mwa Mjomba, naye anasema mimi ndiye niliyeuelekeza huko. Tunakunywa kakao nzito yenye kungumanga, tunakula maandazi yake ya sufuria ambayo ukimtupia bata anazama.

Lakini kuna raha, dada, sitakuficha. Kuna shelisheli lililookwa juu ya mkaa mpaka ganda likawa jeusi, ukalipasua, ukatia siagi na samaki wa chumvi. Kuna mvua ya ghafla mchana, tunatandika turubai na kuikinga, na mimi nasimama chini yake na sabuni nikiwa uchi wa mnyama, mpaka wanawake wa sokoni wanapiga kelele kuwa Cosnel amfunike mtoto wake. Mjomba anawajibu kuwa si wake, ni wa dada yake, yeye amepewa amtunze tu kama kasuku. Kuna kulala juu ya tanga lililokunjwa, linanukia chumvi na jua. Kuna redio ya jirani inayotangaza kriketi, tunaisikiliza bure, na jirani akiizima Mjomba anamwita mchoyo mbele ya mkewe.

Ila raha ya gatini haishibishi. Chombo kilichofungwa ni kama mbuzi wa kamba, kinazunguka palepale na nyasi zimekwisha. Nilikwangua chini ya chombo ambapo palikuwa safi. Nilishona tanga lisilochanika. Nilipanda mlingoti kutazama kama bahari bado iko. Mjomba akaniambia nimekuwa kama mtu aliyekalia siafu, na kwamba ndiyo maana Baba hakuwahi kunipa usukani hata siku moja, hata siku ya kwenda kisiwa cha jirani kuchukua mbuzi. Nikamwambia Baba alikuwa anangoja nikue. Mjomba akasema Baba alikuwa anangoja nitulie, tena alikufa akingoja. Nilikwenda kuchota ngama ambayo nilikuwa nimeshaichota.

Hatimaye jiwe likawa tayari. Dada, ni zuri, pesa zako hazikupotea. Jeupe, limelainishwa kama sahani, jina la Baba kwa herufi za dhahabu, na juu yake mashua ndogo yenye tanga. Mjomba alikataa lisiwekwe tumboni mwa chombo. Akasema mtu halazwi kwenye maji machafu. Tukalilaza sitahani karibu na mlingoti, tumelifunga kwa godoro na turubai, na Mjomba akalikaza kwa kamba zake mwenyewe. Kisha upepo ukatukatalia. Kulikuwa na mawimbi mabaya mkondoni, vyombo vyote vikakaa, nasi tukakaa na mgeni wetu.

Hapo ndipo maisha yalipobadilika mle ndani. Kila asubuhi Mjomba anammwagia Baba tone la ramu na tone la maji, anamwambia hali ya hewa, anamwambia bei ya saruji. Mwanzoni nilimcheka. Baadaye nikaanza na mimi. Nikila nilikuwa nakaa kando ya jiwe na kulisimulia mambo ya gatini, nani kagombana na nani, mashua ipi imepakwa rangi mbaya. Nililieleza jinsi ambavyo ningeshika usukani kama ningepewa. Ni mara yangu ya kwanza kuzungumza na Baba mpaka mwisho wa sentensi bila kuambiwa nikae chini.

Hilton naye alikuwa gatini, amepakia saruji na mabati, chombo chake kipya kimepakwa rangi nyekundu kama mdomo wa mwanamke wa mjini. Siku bahari ilipotulia tukafungua kamba pamoja, na wewe unajua vyombo viwili vikifungua kamba pamoja kwenda kwetu hayo si matembezi tena. Hilton akapita ubavuni kwetu, akaniuliza ile ni mashua au ni jeneza. Akaniambia, "We Lennard, mwambie mzee ashuke asukume." Kisha akafanya lile ambalo hakuna mtu wa Carriacou anayelisamehe. Alitupa kamba nyuma ya chombo chake, akaiacha ielee majini mbele yetu, maana yake kamata nikuvute.

Mjomba akatazama ile kamba akasema, "Mwache, ana saruji, atachoka." Alikuwa amechota ngama tangu alfajiri, mgongo unamuuma, na pwani ya Grenada upande ule wa kivuli, upepo usikofika, ni shwari kama chai. Akanipa usukani, dada. Alinipa hivihivi, kama mtu anavyokupa chumvi. Akasema nimwamshe tukifika kisiwa cha Ronde, kisha akashuka chini akaanza kukoroma kabla kichwa hakijagusa gunia.

Nikasimama pale peke yangu, usukani mkononi. Kamba ya Hilton inaelea mbele yangu kama mkia wa panya.

Nikaanza kupiga hesabu. Tukitoka kwenye kivuli cha kisiwa, upepo wa mashariki utatupiga kulia, Ismena italala kushoto, itapoteza mwendo. Chombo kinachosimama wima ndicho kinachokwenda. Baba alipokuwa hai alikuwa anakaa pale kulia, ukingoni, upande wa joshi unakotoka upepo, miguu inaning'inia nje, na uzito wake ulikuwa ndiyo farumi yetu ya ziada ya kukisimamisha chombo. Unamkumbuka pale, na kofia yake. Watu wakisema Ismena inakwenda kwa kasi, Mama anasema si Ismena, ni kitambi cha Theodore.

Basi nikafungua kamba za Mjomba. Nilifunga usukani, bahari imelala, nikaweka mipini ya makasia chini ya jiwe, nikalisukuma kwa mtaimbo pole pole, huku nikimwambia Baba samahani, samahani, mpaka likafika mahali pake pale kulia. Nikalifunga kwa kamba moja kwenye waya wa mlingoti. Nilijiambia kwamba Baba mwenyewe angechagua kukaa pale. Hata sasa naamini angechagua.

Na Ismena ilikwenda, dada. Tulipotoka kwenye kivuli na upepo ukashuka juu yetu, chombo cha Hilton kililala ubavu kama mlevi, sisi tukasimama wima kama waenda ibadani. Povu lilikuwa linaimba. Nilimfikia kabla ya Ronde, wala sikumwamsha Mjomba, maana nilijua akiamka ataniambia nipunguze tanga. Hilton akageuza kichwa akaniona, akaona na jiwe lilipokaa, akapiga kelele kwamba mimi ni mwendawazimu, mtu hamtumii baba yake kama mfuko wa mchanga. Nikamwambia kuwa baba yangu amekaa anapopenda, yeye avute kamba yake ndani isije ikamfunga miguu.

Mkondo ukatuvuta magharibi. Ikabidi kupindua tanga, tuelekeze omo, pua ya chombo, mashariki ili upepo utupige kushoto. Hilton akapindua kwanza. Kila mtu aliyezaliwa Carriacou anajua kwamba kabla ya kupindua unahamisha uzito. Nilijua. Lakini kuhamisha jiwe kulitaka watu wawili na bahari tulivu, na kumwamsha Mjomba kulitaka maelezo. Kama ningengoja, Hilton angekuwa ameshakwenda zake. Nikapindua. Tanga likapiga upande wa pili, Ismena ikalala kulia, upande uleule alikokaa Baba. Kamba ikakatika na jiwe likaondoka na ubao wa ukingo. Lilizama bila kelele nyingi, kama mtu anayeingia kuoga.

Nimeandika. Nimekaa na sentensi hiyo tangu tulipofika, na huko kanisani sasa wameshaingia wimbo wa pili.

Mjomba alitoka mbio, akatazama ukingo uliovunjika, akatazama pale kando ya mlingoti palipokuwa patupu, akatazama mahali mimi niliposimama. Akaniuliza kama niliona likianza kuteleza. Nikamwambia hapana, lilikwenda mara moja, kufumba na kufumbua. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alikwenda kukaa mbele, mgongo wake kwangu, akaniachia usukani mpaka Harvey Vale, na Ismena ilipopoteza uzito ule ikawa nyepesi zaidi, nikampita Hilton karibu na mdomo wa ghuba. Watu walikuwa ufukweni wakipiga sufuria. Walinibeba, dada. Walinibeba mabegani na mimi nikacheka.

Mama alikuwa nyuma ya umati, amevaa gauni lake la kijivu. Hakuuliza nani kashinda. Aliuliza kama Baba amesafiri vizuri.

Nikasema vizuri sana, Mama.

Kwa desturi jiwe linangoja chomboni mpaka mkesha wa sherehe, ndipo lichukuliwe kwa nyimbo, lilazwe kitandani nyumbani na mishumaa, basi hakuna aliyeona ajabu kwamba halijashushwa. Mimi nikachukua mawe ya farumi, nikayapanga, nikayafunga kwa godoro lilelile na turubai lilelile. Mjomba alinitazama nikifunga, akaniambia, "Mimi sikuoni." Tangu hapo anapika, anachota ngama, ananipa sahani yangu, lakini maneno yake kwangu hayazidi ya kumwambia mbwa wa watu. Mara moja tu alisema kitu kirefu. Alisema mdomo uliotangaza ushindi kisiwa kizima ndio utakaotangaza hili, na uanze kwa yule aliyelipia. Akasema ukifika wewe kabla ya barua, atakueleza yeye, na mbele ya watu wote.

Kwa hiyo mimi sishuki nchi kavu. Watu wanadhani ni majivuno ya bingwa. Nachota, nasugua, natoka omo nakwenda shetri, narudi. Jioni Mama anakuja ufukweni na goti lake, anamuaga Baba kwa sauti ng'ambo ya maji, anamwambia bado kidogo tu, Theodore, na lile godoro la mawe linakaa pale linamsikiliza. Juzi aliniambia amemwota tena. Safari hii nguo zimelowa chapachapa, anaomba taulo. Aliniuliza ndoto hiyo ina maana gani. Nikamwambia labda ni mvua, na nikaenda nyuma ya tanga nikatapika, mimi, niliyekucheka wewe miaka yote.

Pale lilipozama ni kina kirefu, hakuna mpiga mbizi atakayefika. Sherehe sijui tuiahirishe au tuifanye na ubao badala ya jiwe. Mbuzi wameshapatikana, mahindi yameshasagwa, wapiga ngoma wa Big Drum wameshaambiwa. Kazi ya Hilton ipo. Alinitumia salamu kwamba anataka mtu wa usukani, hana habari jiwe liko wapi, alikuwa akipigana na tanga lake wakati ule. Nitaifanya, nitampa fundi Augustine kila ninachopata mpaka lingine lichongwe, hata kama ni jiwe dogo, hata bila dhahabu. Lakini Mama sitaweza kumwambia peke yangu. Nilijaribu. Nilifika mpaka mlangoni, akaniambia nifute miguu niingie kula. Nikaingia nikala. Naomba ukifika ushuke kwanza hapa chomboni kabla ya kwenda nyumbani, unitukane hapa utakavyo, kisha twende wote wawili, wewe mbele.

Barua hii naipeleka kwa mkono wa Sista Philomène anayesafiri kesho, nimemwambia ni habari za ushindi, na ameshaahidi kutoifungua, kwa hiyo huenda ameshaisoma. Msalimie shemeji, mwambie domino zangu zinamngoja. Watoto wabusu wote. Mjomba nilimuuliza kama ana salamu, akasema salamu zake ziko ndani ya barua ikiwa nimeandika kila kitu. Nikamwambia nimeandika kila kitu. Akaniuliza, "Kila kitu?" Ndiyo nimerudi kushika kalamu.

Nakutakia safari njema yenye bahari ya kukuonea huruma. Ni mimi mdogo wako, niliyeliona jiwe likianza kuteleza, likaenda taratibu, likasimama kidogo ukingoni, nami nikiwa na muda wa kuelekeza omo kwenye upepo chombo kisimame, nikatazama mbele nikamwona Hilton yuko karibu sana, nikaacha usukani vilevile,

Lennard